Meza ya Saba

Raundi ya tano. Bwalo la shule, Kikuyu,
bado linanuka maharage ya jana.
Mbele yangu Nyemo Chilongani, muuguzi,
katoka zamu ya usiku, kitambulisho hajavua,
anapiga miayo kama mtu asiye na neno na mtu.
Nikajisemea: huyu namaliza kabla ya chai.

Kete zangu, nyeusi, zimepungua moja;
askari wa pembeni ni kizibo cha soda,
kimekaa chali, meno juu,
kinalinda safu kama askari wengine.

Hatua ya kumi na mbili nikasogeza ngome
kwa madaha, nikabonyeza saa kwa kidole kidogo.
Yeye akaandika. Akafikiri.
Miayo ikakoma.

Hapo ndipo ubao ulipoanza kunibana
kama kiatu cha kuazima.
Farasi wake akaketi katikati,
mgeni asiyeaga.
Dakika zangu zikachuruzika: tisa. Sita. Nne na kitu.

Mkono wangu ukamwendea askofu.
Nikamgusa. Na papo hapo
ule upepo wetu wa Agosti
ukasukuma dirisha, ukamwaga vumbi jekundu
juu ya karatasi, juu ya saa,
juu ya wafalme, weusi kwa weupe.
Kila meza watu wakadaka kete zao.
Nami nimemshika askofu wangu
kama vile namzuia asianguke.

Sheria yetu ni fupi: ukigusa, umecheza.
Nyemo alikuwa anafikicha macho.
Mwamuzi, Bwana Mazoya, anapambana na komeo.
Hakuna aliyeniona.
Na sasa ndiyo nimeiona hatua yenyewe:
malkia, mraba mmoja tu, nyuma.

Saa haijui upepo. Inahesabu.
Dakika mbili nzima nilikaa na kidole kile,
kidole kinachojua.

Nikamcheza askofu.

Hatua nne baadaye nikamlaza mfalme
kwenye vumbi, nikampa Nyemo mkono.
Nje, kwenye ngazi, kisanduku cha kete magotini,
tukagawana zabibu za Mpunguzi, chachu bado,
na nikataka kumweleza habari ya upepo.
Akanikatiza:
"Askofu hakuwa na kosa.
Wewe ulikufa kwenye ile ngome,
pale ulipobonyeza saa kwa kidole kidogo."

Kisha akakiokota kizibo, akakipuliza,
akaniuliza kilikuwa cha soda gani.