Gambuti la Kushoto

Saa kumi na mbili na robo, Isyonje,
ukungu umeatamia barabara.
Fuso la Mzee Mwasomola linanguruma, linataka magunia,
na Tusekile, miaka miwili na miezi mitano,
anavaa magambuti.

Mwenyewe.
"Mimi!" ameniambia, akausukuma mkono wangu.
La kulia ameliingiza mguu wa kushoto,
amelivua, amechungulia ndani kama mtu aliyedondosha ndoo kisimani,
amelivaa tena. Mguu uleule.

Jana nilimvika kwa nguvu.
Dakika moja, kazi kwisha.
Alilia njia nzima hadi kliniki,
gambuti moja akalitupa mtaroni,
nami nikasema maneno aliyonisemea baba yangu,
kwa sauti ileile, hata kikohozi chake.

Kliniki, kilo kumi na mbili na nusu.
Nesi Subilaga akatia nukta kwenye kadi,
nukta ikakaa vizuri, kwenye kijani.
Nikaridhika. Mimi mtu wa mizani,
nalijua gunia halali na gunia la lumbesa.
Akauliza, "Nyumbani anacheza nini?"
Nikasema, "Hachezi huyu. Anaharibu."
Akanitazama kidogo, akamwita mwingine.

Anaharibu: juzi nilichambua mbegu,
madebe matatu, nikaenda kunywa chai.
Kurudi, viazi vyote sakafuni,
toka mlangoni hadi jikoni.
Nikamchapa kofi mkononi.
Usiku, nikiviokota kwa tochi,
ndipo nikauona mstari:
kikubwa, cha kati, kidogo,
kikubwa, cha kati, kidogo,
na mwisho kabisa, juu ya khanga ya mama yake,
kimoja kilichochipua macho mawili,
kimefunikwa hadi shingoni.

Nilizima tochi.
Nikakaa na kile kiazi gizani.

Sasa Fuso limepiga honi mara ya pili.
Atupakisye amesimama na kijiko cha uji,
ananiangalia tu, hasemi kitu.
Maneno ya baba yamekwisha kufika kooni.
Nalima viazi mwaka wa kumi na moja huu,
sijawahi kufukua shina wiki ya tatu
nikaligombeza kwa nini halijazaa.

Nimechuchumaa. Baridi inanipanda magotini.
"Hili linataka mguu gani?"
Amefikiri. Kamasi limeshuka, amelilamba.
"Huu."

Siyo huo.

Tumetoka hivyohivyo, ncha za magambuti
zimepeana kisogo kama bata wawili waliogombana,
yeye mbele, kila dimbwi analikanyaga,
anarudi, analikanyaga tena
kuhakikisha kama bado linaruka.
Mzee Mwasomola ametoa kichwa dirishani:
"We Ipyana! Leo umecheleweshwa na nini?"

Nimemwonyesha chini.