Filamu ya Bure

Niliinunua Daraja Kavu, Tbilisi, Jumapili ya mvua,
kwa lari ishirini na maneno mengi:
kamera ndogo kama kipande cha sabuni,
kifuniko kimebanwa kwa mpira wa kufungia noti.
Muuzaji akanirushia na filamu moja, bure.
"Nyongeza," akasema. Hakusema zaidi.

Mimi ni fundi wa lifti.
Kutwa nasikiliza nyaya zikilalamika ndani ya kuta,
nachokoa sarafu zilizokwama kwenye visanduku vya nauli,
maana huku kwetu hata kupanda ghorofa ya tisa hulipiwa,
na kati ya jengo na jengo kuna mtaa,
na mtaani watu hawajui kuwa ni wazuri.

Ukiwaambia, wanaharibika.
Mzee Nugzari hunyoosha mgongo, huficha jino lake la dhahabu,
hugeuka picha ya kitambulisho.
Kwa hiyo siwaambii.
Kamera naishika usawa wa mkanda wa suruali,
natazama kwingine, kama mtu anayetafuta namba ya nyumba,
kidole kinafanya kazi yake.
Kufumba na kufumbua.

Nyingi ni takataka, nakiri.
Nusu ya mbwa. Kiwiko. Anga.
Kidole changu mwenyewe, chekundu, kimejaa pembeni
kama yule jamaa asiyekosa harusi.

Siku ile theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka.
Eteri alipanda ngazi kutoka tanuri lake la chini ya ardhi,
mikate mirefu yenye ncha ameikumbatia kama kuni,
mvuke ukimfuta uso.
Nilibonyeza huku napiga chafya.
Nikajua: hiyo imekwenda.

Kijana wa studio aliningoja kaunta na uso wa msiba.
"Mjomba, filamu hii ilikwishapigwa.
Kuna watu wengine humu ndani."

Na kweli walikuwemo.
Mtoto mwenye ndoo, juu ya paa la duka la dawa.
Mwavuli wa ufukoni umeota katikati ya foleni ya basi
na hakuna aliyeshangaa.
Na Eteri,
Eteri na aproni yake, unga nyusini,
amesimama ndani ya bahari hadi magotini,
wimbi jeupe likipenya kati ya mikate.

Bahari ya kiangazi cha nani, sijui.
Nani alisimama pale akibana jicho moja,
akasahau, akauza, pengine akafa.
Yeye aliacha maji bila mtu.
Mimi nilileta mtu bila maji.
Chafya ikatukutanisha.

Ningepanga mwaka mzima nisingeweza.
Nimejaribu, kwani uongo?
Nimeipitisha filamu mara mbili kwa makusudi:
uji mtupu.

Nilimpelekea nakala.
Alifuta mikono, akaishika kwa ncha,
akaitazama muda mrefu kuliko mkate unavyoiva.
"Sijui kuogelea," akasema.
Halafu: "Maji yalikuwa baridi?"

Akaibandika juu ya tanuri, mahali pabaya kabisa;
joto litaikunja kabla ya Pasaka.
Nilitaka kumwambia.
Lakini alikwisha kuinama, mkono mzima ndani ya moto,
na kwa mkono wa pili aproni ameinyanyua kidogo,
kama mtu anayeogopa kulowa.