Skatingi ya Chumba cha Mnara

Nyumba ipo Buffalo, mtaa wa miti iliyovunjwa vichwa na barafu,
na chumba chake cha mbele ni duara,
kana kwamba aliyekijenga alianza kuchora kona
akaghairi.

Bibi Wojtaszek anataka skatingi ya mwaloni
izunguke chini ya ukuta, futi ishirini na sita,
isionyeshe kiungo.
"Ile ya zamani mume wangu aliichoma jikoni
mwaka ule theluji ilipoziba mlango."
Anacheka. Hatuulizi zaidi.

Mimi ni fundi wa kona.
Baba, kule Kasulu, alitengeneza madawati ya shule,
kila kitu mraba, kila kitu tisini,
penseli nyuma ya sikio hata kanisani.
Samaki mkunje angali mbichi, alisema,
akiniangalia mimi, si ubao.
Nilikuwa na miaka tisa, mkavu tayari.

Ubao wa kwanza niliusukuma kwa goti.
Ukalia tah! kama fimbo darasani.
Dola arobaini na moja sakafuni, vipande viwili.

Wa pili niliulaza ndani ya bafu la bibi,
maji ya moto, taulo juu, mgonjwa wa homa.
Ulikubali. Usiku ukakumbuka unyoofu wake,
ukang'oa misumari mitatu.

Leo asubuhi Terrence, msaidizi wangu,
ambaye mjomba wake huunda magitaa,
akasema, bila kunitazama:
"Chanja mgongo."

Mgongo, si uso. Chale baada ya chale,
kati yake upana wa kidole,
kina cha kubakiza unene wa kadi ya benki.
Mia na kumi na nne kwa kila ubao.
Nahesabu kwa Kiha, maana Kiswahili changu kinateleza
nikiwa na woga, na Kiingereza sikiamini kwa namba.
Vumbi la mwaloni lanuka siki.

Kisha ubao unalegea mikononi,
unaning'inia,
unaufuata ukuta kama uliwahi kukaa hapo.
Gundi. Msumari. Msumari.
Pimamaji haina la kusema:
sakafu yenyewe imeinamia ziwani.

Bibi anapiga magoti, miaka themanini na moja,
anapitisha kiganja mzunguko mzima.
Viungo havipati. (Kimoja kipo nyuma ya radieta.)
"Umeupindaje mti mkavu?"

Kwa mvuke, nasema.
Sijui kwa nini nimedanganya.
Chale zimeshaelekea ukutani;
labda kinachoelekea ukutani ni cha ukuta.

Namtumia baba picha.
Anajibu alfajiri yake, usiku wangu,
sauti ya sekunde nne, jogoo akimkatiza:

"Nzuri. Sasa kona umeziweka wapi?"