Ankara ya Fundi Bomba

Krone mia tisa: hiyo ya kufika tu.
Hata viatu hajavua, saa imeshaanza kula.

Torstein akapiga magoti chini ya sinki,
tochi mdomoni, akacheka kwa pua:
kipande cha mpira wa baiskeli,
waya juu yake, mafundo matatu.
"Kazi ya nani hii?"
Ragnhild akaujibu mgongo wake:
"Oddvar."
Miaka kumi na moja, hata tone,
mpaka juzi, baridi ilipoishika Bergen.

Dakika kumi na mbili.
Kiungo kipya, mia nne.
Ufundi, saa nzima; nusu saa hawaijui.
Kodi juu.

Akalipa bila kuomba kupunguziwa.
Fundi alipoinua mfuko wa taka,
"Huo mpira," akasema, "uache hapo.
Haumo kwenye ankara."