Koma

Niliulizwa mara moja, nikajibu mara moja.
Mahakama ya Wilaya, Temeke, saa nne kasoro,
feni inazunguka kama iliyolazimishwa,
na karani anaita: Sikujua Mrope!
Watu wawili kwenye benchi wakacheka.
Jina nilipewa na bibi. Alikuwa na sababu zake.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, kituoni,
askari mmoja, si mbaya, alinishauri kupitia nondo:
"Mama, wewe kubali. Ukikataa
kesi itapigwa kalenda mpaka uote mvi.
Ukikubali ni faini, jioni unakaanga samaki kwako."
Nilikuwa na mtoto kwa jirani, na oda ya sare za kwaya,
magauni ishirini na mawili hayajatiwa mikono.

Basi hakimu aliposoma kwamba mimi, tarehe fulani,
eneo la Mtoni kwa Azizi Ally,
nilimshambulia Gervas Kimolo
na kumsababishia madhara mwilini kwa pasi ya mkaa,
nikasema: Ni kweli, lakini
alikuwa amekwisha beba cherehani yangu begani,
deni la kausha damu, laki mbili zilizozaa laki sita,
mguu mmoja ameshautoa nje,
na pasi nilikuwa nayo mkononi tangu asubuhi,
sikuiokota kwa ajili yake.
Mkono wake ulibabuka. Alilia. Hilo nalo ni kweli.

Yote hayo niliyasema. Naapa niliyasema.
Kalamu ilikuwa imeshafika mstari unaofuata.

Miezi kumi na minane. Faini haikutajwa hata kwa utani.

Segerea, afande Pudensiana anayetuandikia rufaa
ana mwandiko wa duara kama matundu ya vifungo.
Akanionya: aliyekiri hasikilizwi
ila akilalamikia ukubwa wa adhabu. Sheria ndivyo ilivyo.
"Labda," akalamba kidole, akafunua karatasi,
"labda kukiri kwenyewe kuwe na ufa."
Nikamwambia ufa upo. Unaitwa lakini.
Akaandika: Sababu ya kwanza.

Nakala iliyopigwa chapa ilifika baada ya miezi saba.
Nilijisoma kwenye ukurasa mmoja na nusu.
Mshtakiwa: Ni kweli.
Nukta. Nukta nene, kama kichwa cha pini
iliyobana nguo kabla mwenyewe hajapimwa.

Mahakama Kuu, wakili wa Serikali alisimama, kijana nadhifu
(suti imembana kwapani, ningeifumua kwa dakika kumi),
akasema maneno yako wazi, mrufani alikiri kwa kinywa chake.
Jaji hakumjibu. Aliagiza jalada lenyewe,
lile la mkono, lenye wino.
Akainama. Akavua miwani, akaivaa tena.
"Wakili, hebu sogea. Hiki ni nini baada ya neno kweli?"

Kijana akatazama muda mrefu.
"Mheshimiwa, inaonekana ni... koma."

Koma!
Neno la mama kwa mtoto anayechezea moto.
Neno la Gervas mlangoni, kiwiko kifuani pangu: leo utakoma.
Na hapa lipo, dogo, limepinda,
mkia wa uzi uliokatwa kwa meno
na mtu akasahau kufunga fundo.
Kumbe hakimu alisikia. Mkono wake ulisikia,
ukaanza kuniandika, halafu nani alimwita,
simu gani, jalada la nani?

Hukumu tarehe kumi na tisa.
Sijui jaji atasema nini. Koma si ushahidi,
Pudensiana keshaniambia nisijenge nyumba juu yake.
Kwenye karandinga, kurudi, foleni ya Tazara haisogei,
jua linaingia kwa matundu ya wavu,
nami nasema chinichini, kama anayetunga uzi sindanoni,
akakosa, akalowesha ncha kwa ulimi, akajaribu tena:
ni kweli,
ni kweli,