Gae Langu

Nililipa elfu nane, nikapewa bonge la udongo
na kigoda chenye mguu mmoja mfupi.
"Umetoka bondeni Hombolo," akasema Mbeleje, mwalimu,
aliye rika moja na kitindamimba wangu.
"Msiuogope. Wenyewe hauwaogopi."

Mimi ni karani wa masijala.
Miaka ishirini na tatu nimegonga mihuri,
nimeandika "limepokelewa", nimeandika "rejea barua yako",
na jioni, nikinawa, sikuacha kitu ndani ya beseni
ila wino wa zambarau.

Jumamosi ya kwanza, hapo Nzuguni, nyuma ya ghala la alizeti,
tulifundishwa kukanda.
Kukanda tu. Saa mbili nzima.
Chedego, wa bodaboda, akauliza chungu tutakianza lini.
"Umeshakianza," Mbeleje akamjibu.
Tukakanda. Tukatoa vijiwe, mizizi, ganda la konokono,
na hewa. Hasa hewa,
kwa kuwa kipovu kimoja kilichojificha
hunyamaza mpaka siku ya moto.

Kisha kamba za udongo, moja juu ya nyingine,
kidole kikiziba mshono, kidole kikisahau.
Chungu changu kikainama upande wa Mlimwa
kama mtu anayetegea sikio umbea wa jirani.
Sista Benigna alicheka mpaka shela ikaingia udongo.
Nami nikacheka.
Sikumbuki lini tena nimeshindwa jambo mbele za watu
nikacheka.

"Bomoa," akasema Mbeleje, bila ukali.

Ofisini kosa lina barua ya kujieleza,
nakala tatu, na moja inabaki kwenye jalada lako
mpaka ustaafu.
Hapa kosa linarudi kuwa bonge.
Linanyunyiziwa maji, linafunikwa gunia bichi,
na wiki ijayo halikumbuki lolote.

Nilibomoa mara nne.
Ya tano kikasimama.

Jumatatu dole gumba langu likaacha alama nyekundu
kwenye faili la mtu nisiyemjua, anayedai kiwanja.
Nilitafuta kifutio. Kisha nikaacha kutafuta.

Agosti ikaja na upepo wake,
ule unaobeba nusu ya barabara na kuimwaga mezani.
Tukavificha vyungu nyuma ya mabati visikauke kwa pupa.
Tukavikwangua kwa kipande cha kibuyu,
tukavisugua kwa kokoto ya korongoni
mpaka tumbo la changu likang'aa
kama goti la mtoto aliyepakwa mafuta.
Nililipapasa nikiwa peke yangu. Mara nyingi. Nakiri.

Siku ya moto: samadi kavu, mabua ya uwele,
moshi unaobadili mawazo kila dakika.
Tulisimama kama wazazi nje ya chumba cha mtihani.
Mlio ukatoka humo ndani, mkavu, mmoja.
Kila mtu akamtazama mwenzake.

Kilikuwa changu.
Robo nzima ya mdomo, na sehemu ya shavu.
Kipovu kilikuwa kimengoja wiki sita.
Chedego, ambaye chake kilitoka mzima, cheusi, kizuri,
alinishika bega, hakusema pole.
Alisema, "Jumamosi utakuja?"

Nilikifunga kwenye gazeti nikakipeleka nyumbani.
Ndalu, mke wangu, akakigeuza, akakigonga kwa ukucha,
akasikiliza.
Hakukitupa.
Usiku akanitengea mlenda ndani yake,
upande uliobaki, na ugali pembeni.

Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wa kale,
na nadhani walimwonea huruma.
Mimi sijawa mfinyanzi.
Ila nililamba gae langu mpaka chini,
nikakuta, sakafuni mwake, kidole changu mwenyewe,
kimechorwa, kimeiva.
Nikaomba mlenda mwingine.