Tripu ya Saba

Saa kumi na mbili kasoro, Mtaa wa Mchikichi haujafungua macho.
Nimeshapima mafuta, nimeshatia grisi, nimeshagusa cheni,
nimeuzunguka mtambo kama mjomba anayekagua ng'ombe wa mahari.
Mbegu, kijana wangu wa kibendera,
anapiga mluzi kwenye kila mlango mtupu:
"Kuna mtu? Kuna mtu?"
Anatoka paka mmoja. Hana haraka.

Ghorofa tatu, zimejengwa mimi sijazaliwa.
Mabati yameshauzwa, fremu zimeshauzwa,
hata swichi zimenyofolewa ukutani
zikaacha matundu mawili mawili, kama pua.

Naanza na nyundo.
Kubomoa ni kujua kipi kimebeba nini.
Unaanza juu, unashuka nayo;
nguzo unaiacha hadi mwisho
kama mgeni wa heshima anayengoja kuagwa.
Slabu inapigwa, inatoa vumbi, inakaza,
inakaza tena, halafu inakubali.
Makame na mpira wake wa maji anailowesha hewa
ili muuza vitenge wa ng'ambo asitutukane.
Anatutukana vilevile.

Saa nne nabadilisha mkono:
pini mbili nje, mipira ya haidroli nje,
nyundo chini, mkasi juu.
Mkasi hauna makelele. Unatafuna nondo
kama bibi na tambuu yake, taratibu, upande mmoja wa taya.
Nje ya uzio vijana wa chuma chakavu
wamekalia mikokoteni, wanapima kilo kwa macho.

Ndipo ukafunuka ukuta wa nyuma wa duka la chini,
kijani cha hospitali,
umeandikwa kwa penseli na mkaa toka kimo cha goti:
Bi Tausi, sukari nusu.
Fundi Mlekwa, sigara mbili, mshumaa.
Kokuteta wa juu, mchele kilo tatu, hajalipa.
Hajalipa.
Hajalipa.
Nikaiacha injini ingurume bure.
Mbegu alisoma kwa sauti, akicheka,
kisha akawa anasoma tu.
Simu ya bosi: "Chengula, mbona mkono umesimama?"
Nikausukuma.
Ukuta ukalala na hesabu zake zote.

Mchana, ndoo.
Kupakia nako kuna adabu yake.
Tipa ikae ubavuni, nisizunguke zaidi ya robo.
Ndoo ya kwanza iwe vumbi na kokoto, godoro la chini;
mapande ya zege baadaye, yashushwe, yasitupwe,
maana ukilitupa lori litaruka
na dereva atakutajia mama yako.

Tripu sita zilikwenda zilikoandikiwa.
Ya saba nikamwambia Ndomba:
"Hii peleka Kigogo, kwangu, kule bondeni.
Hela yako mwisho wa mwezi."
Masika yaliyopita maji yaliingia bila hodi
yakapanda hadi kitandani, yakatuazima masufuria,
mpaka leo hayajarudisha.
Sisi wa bondeni tunanyanyuka hivyo:
kwa ghorofa za wenzetu, ndoo kwa ndoo.

Tarehe mbili, jioni, narudi.
Asnati amekisambaza kifusi kwa jembe,
ua umepanda kiganja kizima, anaukanyaga kwa majivuno.
Mwanangu Riziki, darasa la kwanza,
anayesoma chochote kinachosomeka,
mifuko ya unga, mabango, namba za nguzo za umeme,
amechuchumaa juu ya kipande cha kijani
anakipangusa kwa kiganja.
"Ha-ja-li-pa."
Jina lilikatikia kwenye pande jingine,
sijui liko tripu ya ngapi.
"Baba, nani?"

Nikainama kuvua viatu.
Kamba zimeshiba vumbi la Mchikichi, hazifunguki.
Simu ikaita mfukoni.
Ndomba.
Nikaiacha iite.